Mtoto Mnono Kuliko Wote

Nyumbani kwetu, karibu na Nshamba, mtu alihesabiwa amekula kama amekula ndizi. Ukila nyama bila ndizi, umeonja. Ukila wali, umejipumbaza. Viazi vilikuwa chakula cha siku za matatizo, na ugali tuliambiwa unaliwa huko mbele ya Biharamulo na watu ambao Mungu, kwa sababu zake mwenyewe, hakuwajalia kibanja. Sisi tulikuwa nacho. Migomba ilianza mlangoni ikaishia bondeni, kahawa katikati yake, na neno njaa tulilisikia kanisani tu, padri alipofika kwa Farao na wale ng'ombe wake waliokonda. Tuliwahurumia sana Wamisri.

Jikoni alitawala bibi yangu, mzaa baba. Sitamsingizia, alijua kupika. Alijipaka samli mikononi kabla ya kumenya ndizi ili utomvu usimgande, akazimenya upesi na kuzitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Chini ya chungu aliweka maharage, juu yake vikonyo vya majani ya mgomba, kisha ndizi zenyewe zikiwa zimefungwa katika majani aliyoyababua motoni mpaka yakalainika. Akafunika kwa majani mengine, akakandamiza, na tangu hapo hakuna nzi wala vumbi lililoingia mpaka chungu kiepuliwe. Vibuyu vya maziwa alivifukiza moshi wa nyasi kila asubuhi, na maziwa yake hayakuvunda upesi. Usafi wake ulinitesa, kwa maana mimi ndiye niliyetumwa kuleta maji ya kuoshea kila kitu.

Ugomvi wangu na bibi, ambao yeye hakuujua kwa kuwa nilikuwa na akili ya kunyamaza, ulihusu ugawaji. Nyama ilikwenda kwa baba. Samaki akipatikana, alikwenda kwa baba, na mkia kwa kaka zangu. Mayai yalikuwa ya baba au ya kuatamiwa. Mwanamke hakula yai, asije akawa tasa. Hakula kuku, asije akawa mtu wa kuzurura kutoka boma hadi boma. Na zaidi ya yote hakula senene, wale panzi wa kijani wanaoshuka kwetu wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, kwa sababu mwanamke aliyekula senene angezaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Hata mtoto wa kike anayetambaa alihusika. Niliwahi kuona ajabu kwamba miiko yote ilikuwa mitamu. Sikusikia hata mmoja uliokataza kitu kichungu.

Lakini kuzikamata senene, hapo hatukukatazwa. Hiyo ilikuwa kazi yetu. Wanawake na wasichana walitoka alfajiri kwenda rweya, nyika ya majani mafupi iliyozunguka vijiji, wakati senene zimelowa umande na haziwezi kuruka. Tuliokota, tukarudi, tukakaa kitako asubuhi nzima kunyonyoa mabawa na miguu, tukazikaanga kwa mafuta yake yenyewe mpaka nyumba nzima ikanukia. Kisha mke alimpelekea mume kikapu chake kwa magoti, na mume, akiridhika, alimpa mkewe kanga mpya. Kwa njia hiyo kila mwanamke wa kwetu alijua utamu wa senene kwa pua na kwa mgongo.

Mwaka ninaousimulia, miaka michache kabla ya Waingereza kufunga mizigo yao, nilikuwa na umri wa kama miaka kumi, na mdogo wangu wa kike alikuwa ametimiza miwili. Mama alikuwa ameshika mimba nyingine, kwa hiyo mdogo wangu aliachishwa ziwa siku ileile ilipojulikana, maana maziwa ya mjamzito yalisemekana ni sumu kwa mtoto. Akakabidhiwa kwa bibi alishwe. Bibi alimponda ndizi kwa mchuzi wa maharage. Maharage yenyewe hakumpa, kwa kuwa yangemjaza tumbo upepo. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi, na kati ya hapo ndizi mbivu ya kumtuliza.

Akanenepa. Mashavu yakawa mviringo mpaka macho yakawa madogo. Miguu ikajaa, nyayo zikatuna. Nywele zake zikaacha weusi zikawa na rangi ya kutu, na bibi akasema anapata nywele za Kizungu, tena bila kwenda shule. Alikuwa ameanza kutembea, akaacha. Alikuwa mliaji wa kutisha, akaacha na hilo pia. Ukimweka mahali alikaa hapohapo, akitazama mbele yake bila kutaka kitu. Majirani walipopita walisema, waitu, jamani, mtoto mpole huyu, na bibi alipokea sifa hizo kama mtu anayelipwa haki yake. Mama pekee hakumsifu. Alikuwa akimwangalia mtoto, kisha anaangalia pembeni, na kazi inaendelea.

Wakati huo serikali iligundua kwamba hatujui kupika. Akaletwa memsahibu mmoja, mrefu, mwenye kofia ya majani na moyo mzuri, awafundishe wanawake wa Nshamba kila Jumatano katika chumba kilichokuwa ghala. Kiswahili chake alikisoma kitabuni, na wanawake wengi pale walikuwa na Kihaya peke yake, kwa hiyo alikuja na mkalimani: mama mmoja Mwislamu kutoka Nshambya, Bukoba mjini, baba yake mtu wa pwani na mama yake Mhaya, mwenye sauti pana na maneno mengi kuliko aliyopewa kutafsiri. Memsahibu akisema sentensi moja, mkalimani alitoa tano, nne zikiwa zake.

Tulifundishwa kunawa mikono kabla ya kupika. Tulifundishwa kufunika chakula kwa kitambaa cha wavu chenye shanga pembeni, na wanawake ambao mama zao na bibi zao walifunika vyungu kwa majani tangu enzi za wafalme wakatikisa vichwa kwa heshima. Tulifundishwa kuchemsha maji ya kunywa, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa jema na hakuna aliyelifuata. Kisha memsahibu akawasha tanuri la debe, akavunja mayai sita katika maziwa na sukari, akatoa kitu cha manjano kinachotetemeka. Akakata vipande kumi na viwili kwa wanawake kumi na wawili. Wote kumi na wawili wakasema wameshiba.

Mkalimani akala vyote, kwa niaba yetu.

"Jamani," alisema akijifuta mdomo, "mimi nimezaa saba. Mayai nakula, kuku nakula, senene nakula mpaka jino linauma. Njooni mjini mkawapapase wanangu vichwa, muone kama yupo aliyechongoka."

Wanawake wakacheka. Mtu wa mjini, walisema njiani, mwili wake umezoea. Mama hakucheka. Siku hiyo memsahibu alikuwa amempa mayai matatu ya kumlisha mdogo wangu, na aliyabeba kwenye pindo la kanga mpaka nyumbani. Bibi akayapokea kwa mikono miwili, akayachemsha vizuri, akampelekea baba. Ikawa hivyo kila Jumatano. Serikali ya Malkia ilitoa mayai kwa ajili ya watoto wa Tanganyika, na baba alipata afya nzuri sana msimu ule.

Kisha likaja tangazo. Muleba kutakuwa na maonyesho ya watoto. Mtoto safi, mnono na mwenye afya kuliko wote atapata zawadi ya blanketi, na mama yake sabuni. Katekista alilisoma baada ya misa, na kabla hajamaliza watu walikuwa wamegeuka kutuangalia. Baba akakohoa kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha shinda.

Wiki mbili zilizofuata bibi aliongeza ndizi. Mdogo wangu hakutaka, akawa anafumba mdomo, bibi akambembeleza kwa nyimbo. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imeanza kubabuka mabaka meusi, na kazi ya kuyaficha nilipewa mimi. Nilimpaka samli asubuhi ya safari, kutoka kichwani hadi kidoleni, mpaka mabaka hayakuonekana na mtoto aling'aa. Nilijisifu kwa kazi hiyo. Nasema hivyo kwa sababu katika hadithi hii nimekwisha wacheka wengi, na sioni kwa nini nijiruke.

Tulipanda lori la kahawa mimi, baba, mama na mdogo wangu. Muleba watu walijaa. Watoto walipimwa uzito kwa mizani ya kununulia kahawa, wakiwekwa ndani ya kikapu na kuning'inizwa kwenye ndoano. Wengine walipiga mayowe, wengine wakajikojolea. Mdogo wangu alining'inia kimya, na mshale ukaenda mbali kuliko kwa mtoto yeyote wa umri wake. Umati ukaguna kwa kuvutiwa. Baba alivua kofia.

Aliyekuwa akiwakagua watoto ni dresa wa zahanati, kijana Mhaya aliyevaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alimchukua mdogo wangu, akamwangalia nywele, akamfuta samli mguuni kwa kitambaa. Akaona mabaka. Kisha akaweka kidole gumba juu ya mguu, akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Tuliliangalia sote, shimo la ukubwa wa kidole kwenye mguu wa mtoto, na halikujaa.

"Mtoto huyu anakula nini?" dresa akauliza.

"Anakula anachotaka," baba akajibu. "Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi. Hakosi."

"Pamoja na nini?"

Baba akafikiri. "Ndizi mbivu," akasema.

Dresa akashusha sauti, lakini watu walikuwa karibu. "Mzee, huu si unono. Haya ni maji. Mtoto wako ana njaa."

Sijawahi kumwona baba akitukanwa vile, kabla wala baada. Kama dresa angemwita mwizi au mlevi wangeelewana. Lakini njaa. Baba alianza kueleza ukubwa wa kibanja chake, mikungu yake, aina za migomba na nani aliirithi kutoka kwa nani, na dresa akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mambo mawili ambayo nayakumbuka kwa maneno yake. La kwanza, mtoto apelekwe hospitali Bukoba, leo ikiwezekana. La pili, akiendelea kula ndizi peke yake hataiona Krismasi.

Zawadi alipewa mtoto wa mama mmoja muuza samaki wa kando ya ziwa, kitoto chembamba, kijeuri, kilichokuwa kimemng'ata dresa kidole. Watu walinung'unika sana. Wengine walisema blanketi limenunuliwa kwa samaki.

Baba hakwenda Bukoba. "Nisafiri mpaka mjini," alisema, "nikawaambie Wazungu na Wahindi kwamba mtoto wangu ana njaa?" Akaondoka kwenda kutafuta lori la kurudi, na sisi tukabaki chini ya kibaraza cha duka. Hapo ndipo mkalimani, aliyekuwa amekuja na memsahibu kwenye maonyesho, alipotufuata. Alichuchumaa mbele ya mama, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akipaza sauti.

"Mwenzangu, mayai yale anakula nani?"

Mama akatazama upande alikokwenda baba.

"Nilijua. Basi sikiliza. Kuku ni wa mume, yai ni la mume, maziwa anayagawa mama mkwe. Lakini senene ni za nani zikiwa bado rweya?"

"Za aliyezikamata," mama akasema.

"Na msimu ndio huu. Nyama ya bure inaruka mbele ya nyumba yako." Akamweleza taratibu, akihesabu kwa vidole: azipike asubuhi hiyohiyo zilipokamatwa, zisilale. Atoe mabawa na miguu yote, maana miguu ina miiba na humkwama mtoto kooni. Azikaange mpaka zikauke, azitwange, achekeche unga. Maharage ayachemshe mpaka yavunjike, avue maganda, hayo ndiyo yenye upepo, kisha ayaponde pamoja na unga wa senene. Ndizi iwe kidogo. Vijiko vichache kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa siku, kwa kikombe kilichooshwa kwa maji ya moto. "Kwanza atakataa," alisema. "Halafu atakonda, nao watakuambia unamuua. Usiwasikilize."

"Na kichwa?" mama akauliza, mkono ukiwa tumboni mwake.

"Kipi? Cha huyo aliye tumboni, au cha huyu anayekufa?"

Kesho yake alfajiri tulikuwa rweya kabla ya wanawake wengine. Mama aliinama kwa shida, mimba ilikuwa imekua, lakini alijaza kikapu kabla jua halijakausha umande. Tulirudi tukanyonyoa. Bibi alikaa nasi akanyonyoa pia, akifurahi kwamba mke wa mwanawe ana bidii, na baba alipita mara mbili karibu na jiko kwa visingizio. Kanga alikuwa amekwisha inunua Nshamba. Ilikuwa ya maua mekundu, nami niliiona imekunjwa juu ya sanduku lake.

Senene zilipokauka, mama alizimimina kwenye kinu akaanza kutwanga. Bibi akafikiri amepotewa na akili. Senene hazitwangwi, ni sawa na kuchukua nyama ya arusi ukaifanya majivu. Mama akachekecha, akaponda maharage, akachanganya, akamweka mdogo wangu mapajani. Baba alikuwa amekwisha kaa kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, akingoja kikapu chake. Akaja kuona kunani.

"Za kwangu ziko wapi?" akauliza.

"Mwaka huu hazipo, Taata," mama akasema. "Ni za mtoto."

Bibi akashika kichwa. Alisema maneno mengi kwa Kihaya, na nikiyafupisha yalikuwa haya: kwamba hajawahi kuona, na kwamba amekwisha ona. Akamkumbusha mama kuhusu kichwa kilichochongoka. Akamkumbusha kwamba mtoto wa kike akila senene hakuna atakayemwoa. Mama alimsikiliza. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mama alikuwa na kimya cha miaka kumi na mitano ya ndoa. Alichota kijiko cha kwanza, akakitia kinywani mwake mwenyewe, mbele ya mume na mama mkwe, akatafuna, akameza.

"Memsahibu anasema mpishi aonje kwanza," akasema. "Ni salama."

Kisha akamlisha mdogo wangu.

"Umeniulia wajukuu wawili kwa kijiko kimoja," bibi akasema.

 Nadhani baba angekuwa ameshinda blanketi angempiga mama, lakini tangu Muleba alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo. Alikwenda kuchukua ile kanga ya maua mekundu, akaifungia ndani ya sanduku. "Akifa," alimwambia mama, "unarudi kwenu."

"Akifa sitangoja kufukuzwa," mama akajibu.

Tukaanza. Mdogo wangu alitema. Akalishwa tena, akatapika, akafutwa, akalishwa tena. Mimi niliondolewa kwenye samli nikapandishwa cheo kuwa mtwangaji. Kila alfajiri rweya, kila asubuhi kinu, na mvua ikinyesha tukakausha akiba juu ya moto. Nililamba vidole vyangu, bila shaka. Usiku nilijipapasa kichwa, na sikuona dalili, nikazidisha kulamba.

Na mtoto akakonda, kama tulivyoambiwa. Maji yalimtoka mwilini usiku na mchana, nguo hazikauki, na kilichobaki baada ya siku kumi kilitutisha sisi sote. Mashavu yaliisha. Miguu ile mizuri iliyopimwa Muleba ikawa vijiti viwili vyenye ngozi iliyolegea. Bibi hakuongea tena, aliita majirani. Walikuja mmoja mmoja, wakamtazama yule mpole wao wa zamani, wakamtazama mama, wakasema pole kwa sauti ambayo ilikuwa hukumu. Walileta ndizi. Ghafla kila mtu alikuwa na ndizi laini za kumwokoa mtoto. Mama alizipokea, akashukuru, akazipika tukala sisi.

Jioni moja baba alisema inatosha. Alisema kwa upole, na hilo lilitutisha kuliko makelele. Alisema mtoto amechoka, aachwe afe na heshima yake, apewe chakula anachokijua. Mama akapiga magoti, sasa bila kikapu, akaomba mpaka Jumapili. Usiku ule nilimsikia akilia, nami nikaingiwa na hofu ambayo sijaisahau: kwamba bibi alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyetwanga.

Jumamosi nilikuwa nikimlisha mwenyewe, mama akiwa shambani. Niligeuka kumfukuza kuku, nikachelewesha kijiko. Mdogo wangu akanipiga kofi. Lilikuwa kofi dogo, la mkono usio na nguvu, likanipata puani. Kisha akafungua mdomo akalia kwa hasira, kile kilio chake cha zamani cha kutisha ambacho hatukukisikia kwa miezi, akinyoosha mkono kutaka kijiko. Nilikimbilia shambani nikiwa nimembeba, naye akinipiga njia nzima. Nilimfikia mama. Nililia tu, na mdogo wangu akalia, na mama akaketi chini kati ya migomba na kucheka mpaka akashika tumbo.

Krismasi ilimkuta. Alikuwa mwembamba, mgomvi, mwizi wa maharage. Hakuna aliyemwita mpole tena, na majirani, waliokuwa wamejiandaa kwa matanga, walisema daima walijua atapona. Memsahibu alipopata habari alifurahi sana, akaandika katika daftari lake, na akatueleza sisi wote Jumatano kile ambacho mayai yanaweza kufanya. Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, safari hii bila kuongeza lake. Alimwangalia mama tu.

Februari mama alijifungua. Mkunga alikuwa bibi, kwa hiyo alikuwa wa kwanza kukiona kichwa, na kichwa kilikuwa kirefu kidogo, kama vilivyo vichwa vyote vinavyopita njia ile. Alitoka nje na uso wa mtu ambaye unabii wake umetimia. Kwa siku tatu alituandaa kwa msiba huo. Siku ya nne kichwa kikaanza kurudi. Siku ya kumi kilikuwa mviringo, nami nikatoa maoni kwamba pengine kitachongoka baadaye, akikua. Mama akanikonyeza ninyamaze, akiwa amejifunga kanga ya maua mekundu. Baba hakuitoa kwa mkono wake. Aliacha sanduku wazi asubuhi moja akaenda kukagua kahawa.

Lakini sikunyamaza. Nilikuwa nimeshinda, na mtoto wa miaka kumi akishinda hana adabu. Alasiri moja nilikuwa jikoni na bibi, tunamenya ndizi, mdogo wangu akizunguka chungu na kupiga kelele kwa kijiko. Nilikuwa nimekusanya maneno ya kumwambia bibi kwa miezi mingi, makali, nimeyapanga vizuri. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, yeye akatangulia.

"Yule kijana wa Muleba," akasema, "alisema ni maji?"

"Alisema ni maji, bibi."

"Si unono."

"Si unono. Alisema ni njaa."

Aliendelea kumenya. Alimaliza ndizi moja, akaitumbukiza, akachukua nyingine.

"Kabla ya baba yako nilizaa watatu," akasema. Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo, na baadaye nilijua kwamba hata mama hakuijua. "Wote watatu walifika umri wa huyu. Walikuwa na mashavu hivi." Aliinua mikono yenye samli akaonyesha, mikono ikakaa hewani. "Na nywele zile. Watu walitoka mbali kuja kunipongeza. Walikuwa wapole, hawakusumbua mtu. Kisha wakafa, mmoja baada ya mwingine, na tukasema ni jicho la watu, kwa sababu ya uzuri wao."

Mdogo wangu alimgonga na kijiko gotini, akitaka kitu. Bibi akamtazama kama anayemsoma.

"Hawakulala na njaa," akasema. "Hata siku moja. Niliwashibisha kwa mkono wangu huu." Akanigeukia, akangoja nimkubalie.

"Ndiyo, bibi," nikamwambia.